Ulinganisho: tulale Union Square, Fisherman's Wharf au Oakland?

MwanaTanga
Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Ninatarajia kwenda San Francisco kwa kongamano litakalofanyika katika kituo cha mikutano cha Moscone, na baada yake nitakuwa na siku mbili ambazo ningependa kuzitumia kuzunguka madukani na kutazama angalau mchezo mmoja wa kuigiza. Hoteli nilizozichagua ni tatu. Moja inajitangaza kuwa ipo Union Square, uwanja wa wazi ulio katikati ya maduka, ya pili ipo Fisherman's Wharf karibu na maji, na ya tatu ipo katikati ya Oakland, ng'ambo ya ghuba, nayo ndiyo nafuu kuliko zote. Ninatakiwa kulipa kabla ya Ijumaa. Ipi inafaa?

MzeeWaGhuba
Dada, umeuliza bei ya kitambaa bila kutaja dhiraa. Unakwenda mwezi gani? Uko peke yako au umefuatana na mtu? Hiyo hoteli inayojiita ya Union Square ipo mtaa gani hasa? Ukishayajibu hayo tutaweza kukushauri. Mimi nimeishi Oakland miaka kumi na moja, na sijaona sababu ya mgeni kulipa zaidi ili alale upande wa pili, kwa kuwa treni ya BART inapita chini ya ghuba na kukufikisha kituo cha Powell, karibu na Union Square, kutoka 12th Street katikati ya Oakland kwa muda usiozidi robo saa.

KarafuuKavu
Mzee, kila mtu husifu kwao. Mtu anayetaka maigizo hutoka ukumbini usiku, na treni hazikeshi. Uwanja wa Union Square umezungukwa na mitaa ya Geary, Powell, Post na Stockton. Ukiufuata mtaa wa Geary kuelekea magharibi kwa mwendo wa dakika tano, unakutana na majumba mawili ya maigizo yaliyopakana: Curran, lililofunguliwa mwaka 1922, na lile lililojulikana kwa miaka mingi kama Geary, ambalo lilifunguliwa mwaka 1910, likaharibiwa na tetemeko la mwaka 1989, kisha likafunguliwa tena mwaka 1996. Mtu aliyelala karibu na uwanja anarudi kwa miguu. Fisherman's Wharf ninaiondoa kabisa katika hesabu. Ni pahali pa kwenda mchana kula kaa na kurudi.

MwanaTanga
Samahani kwa kutoeleza mapema. Tunakwenda Agosti. Nitafuatana na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua. Hoteli inayojiita ya Union Square ipo mtaa wa Bush, ukishaupita mtaa wa Taylor.

FundiSaa
Hapo ndipo penye jambo lenyewe, na ninasikitika kwamba ulilitaja mwishoni. Bush na Taylor si Union Square, ni mlimani. Nami nilinaswa na jina hilo hilo, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa urefu. Nilichagua hoteli ambayo sitaitaja, kwa kuwa picha yake ya kwanza ilionyesha ile nguzo iliyo katikati ya uwanja. Nilipofika na masanduku mawili niligundua kwamba kutoka uwanjani hadi mlangoni ni mwinuko wa kumfanya hata kijana asimame kupumua. Mapokezi wakaniambia kuna ada ya huduma ya kila usiku ambayo haikuwemo katika bei niliyokubaliana nayo, kisha wakazuia kiasi kingine cha fedha katika kadi yangu kama dhamana. Kadi yangu ilikuwa ile ya kawaida ya benki ya nyumbani, si ya mkopo, hivyo zilizozuiwa zilikuwa fedha zangu za chakula, nazo zilinirudia wiki mbili baada ya mimi kufika Dar es Salaam. Siku nne nilikula mkate na ndizi katikati ya maduka ya fahari. Dada, uliza mambo matatu kabla ya kulipa: ada ya kila usiku, kiasi cha dhamana, na mwinuko wa mtaa. Ramani haionyeshi mlima.

BintiPwani
Pole sana, FundiSaa. Nguzo uliyoitaja, je, si ukumbusho wa vyama vya wafanyakazi? Nilidhani ndiyo sababu uwanja unaitwa Union, kwa kuwa vyama hivyo kwa Kiingereza huitwa "unions".

KarafuuKavu
Hapana. Jina linatokana na mikutano ya hadhara iliyofanyika hapo karibu na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo watu walikusanyika kuunga mkono Muungano wa majimbo, yaani Union, usivunjike. Nguzo ni ya baadaye: ni ukumbusho wa ushindi wa jeshi la majini la Marekani, likiongozwa na Dewey, katika ghuba ya Manila huko Ufilipino mwaka 1898, na Rais Theodore Roosevelt ndiye aliyeuzindua mwaka 1903.

MzeeWaGhuba
Na Union Square ya New York jina lake halina uhusiano na vita hivyo; lilitokana na kuungana kwa barabara mbili. Lakini tusiende mbali. Mbona hamumwambii dada kwamba hata yale maduka yanapungua? Macy's, lenye jengo kubwa kando ya uwanja, lilitangaza mwaka 2024 kwamba litafungwa.

KarafuuKavu
Kutangaza si kufunga, mzee wangu. Na hata maduka yakipungua, Moscone haihami. Dada, sikiliza: mwaka 2023 ilianza kutoa huduma kamili njia mpya ya treni ya chini ya ardhi, yenye kituo chini ya uwanja kabisa, na kituo kinachofuata ni cha Moscone. Kituo hicho cha uwanjani kimeunganishwa na kile cha Powell ambako BART ya kutoka uwanja wa ndege husimama, na kuna lifti hadi juu, pembeni mwa Geary na Stockton. Mama hatapanda ngazi hata moja. Tafuta hoteli upande huo wa mashariki, palipo tambarare, wala usivuke Taylor kuelekea magharibi, kwa kuwa huko unaingia Tenderloin, ambako usiku mama hatafurahi kupita.

FundiSaa
Ninakubaliana nawe kuhusu lifti, ila lifti za vituo huharibika. Awe na mpango wa pili. Asikodi gari, hata kama chini ya uwanja huo kuna maegesho tangu mwaka 1942.

BintiPwani
Waambie pia wabebe makoti. Agosti huko si kiangazi tunachokijua. Ukungu unaingia alasiri na upepo unapenya hadi mifupani.

MwanaTanga
Ninawashukuru nyote. Ile ya mtaa wa Bush nimeiacha. Nimepata nyingine karibu na Stockton, lakini bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya Oakland, na bado hawajanijibu kuhusu dhamana. Tatizo jipya ni kwamba nilimsomea mama majibu yenu, na dada yangu akamwonyesha picha za zile tramu za kebo zinazopita mtaa wa Powell. Sasa anasema halali mahali asipoziona kutoka dirishani.

MzeeWaGhuba
Shikamoo yangu umfikishie mama. Ngazi ya tramu ile ni ndefu kwa magoti yake, na foleni ya pale chini Powell inaweza kumaliza saa nzima.

KarafuuKavu
Amesema kuziona, mzee, hakusema kuzipanda. Dada, uliza kama hoteli hiyo ina vyumba vinavyotazama Powell. Ya Stockton itakuwa upande wa pili wa uwanja.

MwanaTanga
Ijumaa ni keshokutwa. Ngoja niwaandikie tena.