MJADALA: Wanafunzi wa digrii waruhusiwe kuchezea jeni za bakteria?

Mwenye uzi: Wadau salama. Hii bayolojia sintetiki mmeisikia? Unaandika DNA kwa kompyuta, kampuni huko nje inakutengenezea inakutumia kwa kichupa, wewe unaiingiza kwa bakteria ama hamira ndio itoe kitu unachotaka, iwe dawa ama rangi. Kuna shindano la wanafunzi linaitwa iGEM, lilianza kama kozi pale MIT Marekani 2003, mwaka uliofuata timu 5 zikashindana, siku hizi ni mamia na fainali ni Paris. Mimi nasema hata wetu wa mwaka wa kwanza waachwe waingie maabara wafanye. Mwasemaje?

Mama Ruaka: Mimi sitaki. GMO, hivi vyakula vya mimea iliyobadilishwa jeni, hapa Kenya tulipiga marufuku kuingiza 2012, Oktoba 2022 serikali ikaondoa marufuku, watu wakakimbilia korti. Wazee wenyewe hawajaelewana halafu mnataka kuwapa watoto? Chuo ambacho maji hupotea wiki nzima ndicho mtaniambia bakteria hawatapotea!

Fundi wa Maabara: 😂😂 Mama hapo kwa maji umetupata. Lakini E. coli, hao bakteria wa tumboni, ile ya kufundishia ni ukoo wa K-12, imefugwa maabara tangu 1922, tumboni mwa mtu haiwezi kushindana na hizi za kawaida. Na insulini wanayodungwa wagonjwa wa sukari imekuwa ikitengenezwa na bakteria tangu 1982, mbona hiyo hakuna anayeikataa? Sheria nayo iko, ya 2009, kamati ya chuo inapitia kwanza halafu NBA, ile mamlaka ya serikali ya usalama wa viumbe waliobadilishwa jeni. Shida yetu ni vifaa bana. Enzaimu, hizo protini za kukata na kuunga DNA, zinatakiwa kukaa chini ya sufuri digrii 20, zinafika eapoti zinakwama kwa makaratasi, siku unaitiwa sanduku unafungua barafu kavu imeisha kitambo, lebo zimelowa, hata hujui kichupa gani ni gani. Pesa ya muhula mzima imeenda na hakuna bakteria hata mmoja ameguswa.

Kijana wa Juja: Nyote mmesahau mkulima. Artemisinini ya dawa ya malaria hutoka kwa mmea ambao hata huku Afrika Mashariki watu wanalima. Mwanasayansi Jay Keasling na wenzake kule chuo cha Berkeley, Marekani, wakafundisha hamira kutengeneza malighafi yake, 2013 kampuni ya dawa ya Sanofi wakaanza kuizalisha kiwandani. Bahati ya mkulima ni kwamba bei ya ile ya shambani ilishuka sana, ya kiwanda ikashindwa kushindana. Kesho itakuwa vanila ama kitu kingine, na kama hatuna vijana wanaojua hii kazi inavyofanyika tutasomea kwa gazeti kama kawa.

Mama Ruaka: Hiyo ya mkulima nimeskia, ina uzito. Lakini taka je? Zinaenda wapi?

Fundi wa Maabara: Autoklevu mama, ni kama presha kuka kubwa, mvuke wa digrii 121, hakuna bakteria anatoka hapo akiwa hai.

Mama Ruaka: Na stima ikipotea katikati?

Fundi wa Maabara: Unarudia kutoka mwanzo, hutupi kitu.

Mama Ruaka: Saa tatu usiku, mwanafunzi anakimbizana na matatu ya mwisho, ni nani amesimama hapo kuona amerudia?

Mwenye uzi: Haya fundi, jibu.