Naomba ushauri: miduara inanisumbua kwenye violezo vya plastiki

Habari zenu mafundi wenzangu. Nashona kwilti (mfarishi wa vitambaa) ya pamba yenye maua ya kubandika, yaani vipande vya kitambaa vinavyoshonwa juu yake; kuvipa umbo natumia violezo vya plastiki inayostahimili joto. Kuzunguka kiolezo naacha pindo la kitambaa la milimita 6, nalipaka stachi kwa brashi, kisha nalikunja juu ya kiolezo kwa ncha ya pasi, bila mvuke. Majani yanatoka safi kabisa. Shida ni miduara: ukingoni hubaki vipembe vidogo, na nikichomoa kiolezo pindo linafunguka. Nimepitisha uzi wa kukusanya kitambaa kwenye pindo nikauvuta. Vipembe vimepungua, havijaisha. Natamani sana duara liwe duara kweli, maana ndilo kitovu cha ua.

Je, nipunguze pindo hadi milimita 4? Na kiolezo nikichomoe kikiwa bado cha moto, au nisubiri kipoe?