Kundi la visa vya matumaini tu: ni kujificha au ni kupumua?

Wakuu, naleta hoja, naomba tuijadili bila matusi.

Mwaka jana tulifungua kundi dogo la WhatsApp, watu 31, ndugu na majirani wa zamani. Masharti mawili tu: siasa hapana, na kusambaza vya watu wengine hapana. Unaleta kisa chako, kilichokupa tumaini au kilichokuacha mdomo wazi. Wiki iliyopita binamu yangu alijitoa, akaacha maneno haya: "Watu wanaumia huko nje, nyie mmejifungia mnasimuliana hadithi tamu." Wapo waliomuunga mkono. Mimi nampinga, ingawa kuna mahali amenigusa.

Kwenye kundi kubwa la ukoo asubuhi ilikuwa hivi: tanzia, mchango wa harusi, video ya ajali ambayo hakuna anayejua ni ya nchi gani, halafu sauti ya mtu anayeapa kwamba dawa fulani inaua. Mwaka 2019 WhatsApp waliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa makundi au watu 5 kwa mkupuo, na bado kwetu ulimiminika. Mama mdogo, anayeishi peke yake, ilifika hatua anazima simu magharibi kwa hofu.

Huyo huyo ndiye alituma sauti ya dakika 4 kwenye kundi dogo, kuku wanasikika nyuma. Mwembe alioupanda marehemu baba yake, uliokauka tukaukatia tamaa, umechipua upande mmoja baada ya mvua. Akanyamaza kidogo, unamsikia anavyohema, kisha: "Njooni muuone, wanangu." Wawili wetu tulikwenda Jumamosi ile. Niambieni, hapo nani amejificha?

Sasa pale aliponigusa binamu. Mwenzetu mmoja alileta kisa cha vyura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania. Vyura wa manjano, wadogo hata sentimita 3 hawafiki, hawatagi mayai, wanazaa. Makazi yao duniani kote yalikuwa kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. 2010 wakaanza kurudishwa Tanzania kutoka Marekani, walikokuwa wakitunzwa, na 2012 wakaanza kuachiwa tena porini. Tulishangilia.

Lakini toleo la kwanza halikutaja bwawa la umeme lililopunguza maji ya maporomoko, wala kwamba karibu vyura 500 waliwahishwa Marekani mwaka 2000 kwa sababu hiyo, wala mabomba yaliyofungwa korongoni kunyunyiza maji badala ya mto. Kisa hicho bila bwawa ni sukari tupu. Kikiwa na bwawa, kinanishangaza zaidi, maana kuna watu waliona kosa linatendeka wakahangaika kulirekebisha.

Kwa hiyo nimependekeza sharti la tatu: mwenye kisa aseme pia kilichosababisha shida. Wenzangu wawili wamekataa kabisa. Wanasema ukitaja bwawa utataja nani aliliamua, ukitaja nani basi siasa imeingia dirishani, na mama mdogo atarudi kuzima simu.

Hofu yao naielewa. Ila siwezi kumwomba binamu arudi kwenye kundi linalokata kisa katikati. Nyie mlio na makundi kama haya, bwawa mnalitaja au mnaliacha?