Simu, kompakti au kamera ya lenzi za kubadilisha? Tunaenda GAP na watoto

NeemaPitt: Habari zenu wadau. Tunaenda kuendesha baiskeli Great Allegheny Passage (GAP), njia ya baiskeli huko Marekani, familia nzima. Nataka picha za maana za madaraja na mahandaki. Nibaki na simu, ninunue kompakti (kamera ndogo ya lenzi isiyong'oka) yenye zumu, au kamera ya lenzi za kubadilisha? Nanunua wiki hii.

kasi_ya_shata: Dada, hapo hujatuambia kitu. GAP ni maili 150, Pittsburgh hadi Cumberland. Mnapita kipande gani? Mwezi gani? Handaki la Big Savage hufungwa majira ya baridi. Watoto wana umri gani? Na bajeti?

NeemaPitt: Samahani. Meyersdale hadi Cumberland, katikati ya Oktoba, tunalala Frostburg. Mkubwa ana miaka 9, anaendesha mwenyewe. Mdogo yuko kwenye trela. Dola 600, haizidi hapo.

MzeeGia: Baki na simu. Ndani ya Big Savage simama mita kumi na tano hivi kabla ya mdomo wa kutokea, gusa sehemu yenye mwanga wa nje na ushikilie hadi kipimo cha mwanga kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Mtoto anatoka kivuli cheusi, milima ya Maryland nyuma yake inabaki na rangi. Ukiiachia simu iamue yenyewe, nje panakuwa peupe pe. Ila usiifunge kwenye usukani, mtikisiko unaua kiimarishi cha lenzi, kile kinachozuia picha kutikisika. Apple walishaonya mwaka 2021.

kasi_ya_shata: Mzee, onyo lile lilihusu pikipiki zenye injini kubwa. Baiskeli ni kitu kingine.

MzeeGia: Mtikisiko ni mtikisiko. Njia yenyewe ni chokaa iliyosagwa, si lami.

kompakti_tu: Tuache Apple. Mtoto anayeendesha kuja kwako ndiye anayeishinda simu. Kwa kompakti: zumu milimita 100, shata (muda wa kupiga picha) ya sekunde 1/1000, fokasi ya kufuatilia mtoto anavyosogea, picha mfululizo. Chuchumaa hadi lenzi ilingane na usukani wake. Kwa simu utakuza hadi uso uwe uji. Na kompakti inakaa mfukoni. Kamera kubwa itashinda kwenye begi hadi Cumberland.

fundi_lenzi: Mfukoni ndiko inakofia. Niwaeleze kamera inavyokufa kwenye njia hizi, maana zinakuja mezani zikiwa na ugonjwa uleule. Lenzi ya kompakti hutoka na kurudi kila unapowasha na kuzima, na kila ikitoka inavuta hewa pamoja na unga wa chokaa. Kwanza unaona madoa ya kijivu angani ukipiga kwa tundu dogo la lenzi, f/8 au zaidi: vumbi limeshafika kwenye sensa, kile kipande kinachopokea picha. Lenzi haing'oki, kwa hiyo huwezi kupuliza. Lazima kamera ifunguliwe yote. Halafu mchanga unaingia kwenye gia za bomba la lenzi, unasikia linasaga, na siku moja linakwama nusu nje na kamera inagoma. Gharama ya kufungua hukaribia bei ya nyingine iliyotumika. Mkiichukua, iwe kwenye mfuko wa plastiki wa zipu ndani ya begi la usukani, na msiiwashe huku baiskeli nyingine zinapita.

Ukungu nao. Asubuhi ya Oktoba kamera ina baridi, na hewa ya handakini inaweza kuwa na joto na unyevu zaidi. Kioo kikifunga ukungu usifute kwa fulana, chokaa itakwangua. Subiri dakika kadhaa, puliza kwa pampu ya mpira, ndipo utumie kitambaa laini.

njia_ya_reli: Hakuna aliyemwambia jambo kubwa! Salisbury Viaduct, lile daraja la futi 1,908, liko maili mbili hivi *magharibi* ya Meyersdale. Wakianzia Meyersdale kuelekea Cumberland hawalioni. Dada, rudini nyuma kwanza. Mkipata bahati treni ya mizigo inapita chini yenu bondeni.

NeemaPitt: Kumbe! Asante sana. Mpaka wa Mason-Dixon, kati ya Pennsylvania na Maryland je, tutaupita?

njia_ya_reli: Mnaupita baada ya Big Savage, una jina limechongwa kwenye mawe. Ulipimwa 1763 hadi 1767.

kompakti_tu: Hapo ndipo familia nzima inahitaji tripodi ndogo.

MzeeGia: Au mpita njia. Hawakatai.

kasi_ya_shata: Mkumbuke kutoka Frostburg hadi Cumberland reli ya kitalii iko kando yenu, na handaki la Brush mnatumia pamoja. Treni ikikaribia, msiingie. Kaeni nje, shata 1/500, moshi utawajia wenyewe siku wanayotumia injini ya mvuke.

NeemaPitt: Sawa. Bado nasita kati ya simu na kompakti. Na kwa trela, njia ya kuingia mjini Frostburg inapanda?

njia_ya_reli: Inapanda kwa kona za kukunja, mwinuko mkali. Shuka usukume, na mkubwa asukume yake.