Corolla 110 breki ya mbele kushoto inashika ikipata moto, mafundi wananizungusha tu

mgosi_makorora
Wagosi salaam, naombeni msaada maana nimechoka. Nina Corolla 110 ya 1998, injini haina neno, shida ni breki. Asubuhi nikitoka Makorora hapa Tanga mjini gari iko poa, ila nikishaipita Pongwe naanza kuiona nzito, nikiachia mafuta haiserereki kabisa na usukani unavuta kushoto. Nikifika Muheza nikishuka nakutana na ile harufu ya kuungua, rimu ya mbele kushoto huwezi kuweka mkono, juzi niliidondoshea maji ya kunywa kidogo yakalia chwaaa kama kikaango cha chapati. Zingine tatu vuguvugu tu. Halafu nikikaa nusu saa nikanywa chai, nikirudi imeachia kama vile haikuwa yenyewe.

Fundi wa kwanza kaweka pedi mpya. Wa pili kasema kalipa (ile inayobana pedi) imekufa, tukanunua ya mtumba akafunga, haikumaliza wiki mambo yaleyale. Wa tatu sasa anataka tubadili masta silinda (pampu inayosukuma oili ya breki) na bosta (ile inayosaidia mguu kukanyaga) kwa pamoja, hela anayoitaja ni kodi yangu ya miezi mitatu. Kuna namna ya kupima mwenyewe kabla sijaliwa tena?

pwani_tupu
Hiyo ni chumvi mkuu. Mimi napaki karibu na bahari kule Raskazone, pini za kalipa zilishika kutu mpaka tukazitoa kwa nyundo. Kalipa ikishindwa kuteleza kwenye pini zake, pedi ya ndani inaisha ya nje bado mpya, ndo utajulia hapo. Zitoe, piga msasa laini, paka grisi ya breki ile ya silikoni. Usikubali grisi ya kawaida ya beringi, inavimbisha mipira ya pini na utarudi kulekule.

Dereva Mstaafu
Mwanangu huyo wa tatu anaweza kuwa sahihi, masta ikiziba kile kitundu cha kurudishia oili breki hazirudi. Nilipata hiyo kwenye kigari changu nikishuka Lushoto, pale Mombo nilifika moshi unatoka.

spana_mbili
Mzee wangu shikamoo, kwa masta ni kweli lakini ilikushika tairi ngapi? Masta ikigoma haichagui tairi moja. Hizi Corolla za kuvuta mbele masta ina njia mbili na zinakwenda mshazari, mbele kushoto inashea na nyuma kulia. Sasa kama nyuma kulia ni vuguvugu kama wenzake, mi masta naiweka mwisho kabisa, na bosta ndo kabisaaa.

Mgosi sikiliza, kupima hakuhitaji mashine. Endesha mpaka ishike, halafu ufanye hapohapo ikiwa imeshika maana ikipoa ushahidi umepotea (mafundi wako watatu wote naamini waliipima ikiwa baridi). Paki sehemu tambarare, weka jiwe tairi za nyuma, gia frii, piga jeki, na usiingize mwili chini kwa kuamini jeki peke yake. Zungusha tairi kwa mkono, linganisha na ya kulia. Ikiwa ngumu, chukua spana fungua kidogo kile kinati cha kutolea upepo kwenye kalipa, vaa kitu mkononi na macho yakae mbali maana oili inaruka ikiwa ya moto.

Tairi ikiachia hapohapo, basi kuna presha ilinaswa mle ndani, kalipa haina kosa. Isipoachia, tatizo ni la chuma, pistoni au pini, msikilize huyo wa Raskazone. Ikiwa ni presha, funga kinati, kanyaga breki ishike tena, sasa legeza nati ya juu pale paipu ya chuma inapoungana na hozi ya mpira. Ikiachia, tatizo liko juu huko, anza kufikiria masta. Ikibaki imeshika, ni hozi. Hozi ya zamani inavimba kwa ndani, mguu wako una nguvu ya kusukuma oili ipite ila kurudi hairudi, na nje unaiona nzima kabisa.

Kingine, huyo wa kalipa alibana hozi na plaisi oili isimwagike?

mgosi_makorora
Duh mkuu ulikuwepo nini, alibana na vaisigripu, ile plaisi ya kujifunga, na kalipa ya zamani akaiacha inaning'inia na hozi yake wakati anatafuta spana kwa jirani.

spana_mbili
😂 haya kapime uje.

mgosi_makorora
Wagosi nimerudi. Jana nimeenda nayo mpaka Muheza na kurudi, iliposhika nikasimama pale kabla ya Pongwe na mdogo wangu. Tairi ngumu. Kugusa tu kinati, oili nyeusi kama kahawa ikaruka pwii, tairi ikazunguka kwa kidole. Tukakanyaga tena ikashika, tukalegeza nati ya juu ya hozi, wapi, imeshika vilevile. Tukafungua kinati cha chini ndo ikaachia. Tukakaza kila kitu, tukajazia oili, tukatoa upepo, tukarudi mjini mdogomdogo.

Leo nimebadilisha hozi, zote mbili za mbele kwa sababu umri wao mmoja, na oili yote ya breki mpya, DOT 3. Ile ya kushoto nimeichana na wembe, pale ilipobanwa mpira wa ndani umeachana umekaa kama kijiulimi, ukipuliza huku unapita, ukigeuza unakataa. Nimeiweka kwenye dashibodi, namsubiri mtu wa bosta.

pwani_tupu
Na pini je?

mgosi_makorora
Moja ilikuwa kavu, nimepaka ya silikoni. Kila mtu kala haki yake.

Dereva Mstaafu
Marahaba spana_mbili. Ile yangu ilishika zote nne, sasa nimeelewa.