apt, snap au faili la .deb: ipi inaondoka bila kuacha takataka?

Mtondoo: Wakuu, nina Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux) kwenye diski ya GB 32. Kusakinisha si shida, kote ni mstari mmoja. Nauliza kuhusu kuondoa: kati ya apt (kisakinishi cha kawaida cha Ubuntu), snap (kisakinishi kingine, chenye vifurushi vyake) na .deb (faili la kifurushi) ya kupakua mwenyewe, ipi inasafisha vizuri?

Nyundo: apt, ila ujue amri zake. Mfano ni apache2, programu ya seva ya tovuti: `sudo apt remove apache2` inaondoa programu, mipangilio ya /etc/apache2 inabaki. `sudo apt purge apache2` inaondoa na hiyo, hata kama ulishafanya remove kabla. Halafu `sudo apt autoremove`, maana apache2-bin na wenzake waliingia kama vitegemezi (vifurushi ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi) na hawatoki wenyewe. Mabaki ya zamani yaone hivi:

`dpkg -l | grep ^rc`

Kabla ya kubonyeza y, soma orodha ya vitakavyoondoka. Ukiwa na wasiwasi, `apt -s purge apache2` inaigiza tu, haigusi kitu.

bahari_kuu: Nyundo, hapo umeruka jambo. purge haigusi folda ya nyumbani. ~/.config na ~/.cache zinabaki na utazifuta kwa mkono. Snap inaweka data ya mtumiaji ndani ya ~/snap/jina, na `snap remove` inaifuta.

Nyundo: Inaifuta baada ya kuitengenezea nakala ya akiba, mkuu, na nakala hiyo inakaa siku 31. Programu yenye data nyingi ikiondolewa, nafasi hairudi yote siku hiyo. Angalia `snap saved`, kisha `sudo snap forget` na namba yake. Au toka mwanzo: `sudo snap remove --purge jina`.

Snap pia inatunza toleo la nyuma la kila programu. `snap list --all` itakuonyesha yaliyoandikwa disabled. Na core20 au core22 (snap za msingi ambazo programu nyingine zinazitegemea) hazitoki pamoja na programu iliyozileta. Kwa GB 32 hiyo inauma.

kitasa: Na bando! Snap inakagua masasisho mara nne kwa siku. `sudo snap refresh --hold=72h` inaituliza siku tatu. Halafu usishangae: kwenye 22.04 `sudo apt install firefox` inakuletea snap ileile kwa mlango wa nyuma.

Mtondoo: Na .deb?

bahari_kuu: Usitumie `dpkg -i` (dpkg ni kisakinishi cha chini kinachotumiwa na apt), haileti vitegemezi, kikikosekana kimoja, kifurushi kinabaki nusunusu. Tumia `sudo apt install ./faili.deb`. Hiyo ./ ni lazima, bila hiyo apt inatafuta jina hilo kwenye repo (hazina ya vifurushi mtandaoni). Kuondoa ni kama apt ya kawaida, ila kwa jina la kifurushi, si la faili:

`dpkg-deb -f faili.deb Package`

.deb nyingine haziongezi repo yao, hivyo apt haizisasishi. Chrome inajiongezea, kwa hiyo hiyo inasasishwa.

Mtondoo: Nimeanza purge, inasema imeshindwa kupata /var/lib/dpkg/lock-frontend. Nifute hilo faili?

kitasa: Usifute! Kuna mchakato mwingine umeshika kufuli, mara nyingi unattended-upgrades (masasisho ya kiotomatiki). Angalia `ps aux | grep -E 'apt|dpkg|unattended'`, usubiri umalize. Kama ulikatika katikati, umeme ulipozima kwa mfano, `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`, ndipo urudie purge.