Vitabu vya opsheni: nichague kwa kigezo gani, na nianze na kipi?

Mgeni_Sokoni
Wakuu, hisa nazifahamu: oda, chati, hesabu za kampuni. Sasa nataka kujifunza opsheni, yaani mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kwa vitabu kabla sijaweka hela. Koli (haki ya kununua) na puti (haki ya kuuza) naelewa maana yake tu. Vitabu ni vingi na karibu kila kimoja kinaahidi kipato cha kila mwezi. Kizuri nitakijuaje?

Mizani
Mkuu, achana na jalada, fungua sura ya volatiliti, yaani mtikisiko wa bei. Kitabu kinachokuchorea mbinu thelathini bila kueleza bei ya opsheni inatoka wapi, kirudishe.

Chukua mfano huu. Hisa iko dola 50. Koli ya bei ya utekelezaji 50 (bei ambayo mwenye koli ana haki ya kununulia hisa) imebakiza siku 14, na kesho kampuni inatangaza matokeo. Soko linakadiria mtikisiko wa asilimia 80 kwa mwaka, kwa hiyo koli inauzwa kama dola 3.10. Mkataba wa kawaida wa hisa Marekani ni wa hisa 100, basi umelipa 310. Kesho hisa inafika 51. Mwelekeo umeupatia, lakini habari imeshatoka, kadirio la mtikisiko limeanguka hadi asilimia 40, na koli yako sasa ni kama 2.10. Dola 100 zimekwenda, na hisa imepanda!

Kitabu kizuri kinakuwezesha kupiga hesabu hiyo kabla ya kununua. Kwa kazi hiyo chukua Option Volatility and Pricing cha Sheldon Natenberg, toleo la pili.

Kalamu_na_Karatasi
Naunga mkono, ila Natenberg asiwe wa kwanza. Anza na Characteristics and Risks of Standardized Options, waraka ambao madalali wa Marekani wanalazimika kumpa mteja wa opsheni. Ni wa bure. Ni mkavu, lakini ndimo utakapojua nani anadaiwa nini opsheni ikitekelezwa. Kisha Natenberg, na usivuke delta, gama, theta na vega, vipimo vya jinsi bei ya opsheni inavyobadilika, mpaka uweze kuzieleza bila kuchungulia.

Options as a Strategic Investment cha Lawrence McMillan kina zaidi ya kurasa 1,000. Hicho ni cha kufungua pale unapochunguza mbinu fulani, si cha kusoma mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha John Hull kiache kwanza, ni cha darasani na kinataka hisabati.

Kipimo changu kingine: tafuta neno gawio kwenye faharasa. Ukiuza koli ya mtindo wa Kimarekani (inayoweza kutekelezwa wakati wowote kabla ya siku ya mwisho) na hisa ikapita bei ya utekelezaji, mwenye koli anaweza kuitekeleza mapema, siku moja kabla ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio. Hufanya hivyo hasa pale thamani ya muda iliyobaki kwenye koli (sehemu ya bei yake inayozidi faida ya kuitekeleza sasa) inapokuwa ndogo kuliko gawio. Wewe ndiye utakayetakiwa kutoa hisa. Mwandishi asiyegusa hilo hajamaliza kazi yake.

Mgeni_Sokoni
Asanteni sana. Nikipata matoleo ya zamani kwa bei nafuu, yana shida?

Bei_Mbili
Nadharia haijachakaa, fomula ya Black na Scholes ya kukokotoa bei ya opsheni ni ya 1973 na bado ndiyo msingi. Kilichopitwa ni kamisheni, dhamana, na bei zilizoandikwa kwa sehemu kama 2⅛, maana soko la Marekani lilihamia desimali kikamilifu mwaka 2001. Opsheni za wiki moja hutazikuta humo.

Ila hata kitabu kipya huwa kinapiga hesabu kwa bei moja safi, na sokoni bei ni mbili. Wanunuzi wanatoa 2.00, wauzaji wanataka 2.30: ukinunua na kuuza papo hapo umeacha dola 30 kwa kila mkataba. Mbinu ya miguu minne, yaani ya opsheni nne kwa pamoja, unalipa nusu ya pengo kama hilo mara nne kuingia, na mara nne tena ukitoka kabla ya siku ya mwisho. Kwa hiyo kila mfano wa kitabu urudie kwa bei za leo, kununua kwa bei ya juu na kuuza kwa ya chini, uone kama faida iliyochorwa bado ipo.